Wote Wametoka?

Geoje, 4 Machi 1984

Mdogo wangu Gyu-seok,

Usishtuke kuona barua, hakuna aliyekufa. Ningepiga simu, lakini simu iko dukani kwa mama Jong-gil, na ukisema neno pale, kabla hujarudisha mkono wa simu mtaa mzima umeshalitafuna na kulimeza. Tena shemeji yako Pan-su hataki nikusumbue na mambo ya kazini kwake. Basi haya yabaki kati yangu na wewe.

Ninaogopa. Nilitaka nianze na habari za baridi na mwani kama watu wenye adabu, nimeshindwa.

Unajua Pan-su anachomelea ndani ya matangi ya maji yaliyo tumboni mwa meli. Kazi ikiisha watu hutoka, kifuniko hukazwa kwa boliti, halafu tangi hujazwa maji ili waone kama kuna panapovuja. Kabla ya kufunga, mtu aliye juu huuliza kwa kile kisanduku cha simu kinachoning'inizwa ndani: "Wote wametoka?" Juzi aliuliza. Mzee Chu alikuwa bado ndani anaokota vifaa, na nje wanasaga chuma kila upande. Akasikia kitu kinakoroma, hakuelewa, akasema, "Ye?" Yaani, umesemaje? Juu ikafika "Ye." Yaani, ndiyo.

Neno ni lile lile, Gyu-seok. Tofauti ni mkia wake tu, ule unaopanda mtu akiuliza, na kisanduku kile kiliukata mkia. Walishakaza nusu ya boliti ndipo mtu mmoja akauliza mbona mzee Chu haonekani.

Pan-su alinisimulia huku anacheka, mdomo umejaa wali. "Mzee Chu karibu awe samaki!" Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Mama Bok-hui, wewe hata ndoo ya maji ukiiona unaogopa kuzama." Nikamjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Akazidi kucheka.

Anasema makao makuu huko Seoul mnachagua simu mpya za ndani kwa ajili ya sehemu zenye kelele, na kwamba ofisi inayochagua ni yenu. Kama ni kweli, wewe ndiye mtu pekee ninayemjua ndani ya chumba hicho. Chagua inayosikika. Mwaka huu sikuombi kitu kingine.

Nimekutumia dagaa wakavu. Usiwagawe wote kwa majirani.

Dada yako,
Deok-ja


Seoul, 11 Machi 1984

Dada,

Dagaa wamefika, na harufu yao ilitangulia. Karani wa posta alinikabidhi kifurushi kwa vidole viwili.

Ni kweli, ni ofisi yetu. Ila usinione mkubwa. Humo mimi ndiye mdogo kuliko wote, kazi yangu ni kubeba maboksi na kumimina chai. Lakini kuziangalia simu nimeziangalia, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kusoma vitabu vyake. Ziko aina tatu. Ya kwanza ni spika kubwa ya kubonyeza, inapiga makelele kama muuza samaki. Ya pili ni simu ya mkono iliyo ndani ya kibanda kidogo. Unaingiza kichwa, kelele zinabaki nje. Ya tatu inavaliwa kichwani chini ya viziba masikio, na kipaza sauti chake kinabana koo. Hicho hakishughuliki na hewa, kinashika mtetemo wa koo tu. Hata kiwanda kizima kingurume, kitabeba sauti ya aliyekivaa.

Meneja Pyo anaipenda ile ya kwanza. Yeye anaamini kwamba penye kelele dawa ni kupiga kelele zaidi. Lakini spika ikipaza sauti ya mtu inapaza na makelele yaliyo nyuma yake, na mmoja akibonyeza, mwenzake anakatwa katikati. Hapo ndipo mikia ya maneno yenu inapopotea.

Kwa matangi inafaa ya tatu tu. Nimeshaandika hivyo. Alhamisi tunazijaribu mbele ya Meneja, halafu mambo yatakuwa yamekwisha. Mwambie shemeji ajiandae kuvaa kitu shingoni kama ng'ombe.

Lala usingizi, dada.

Gyu-seok


Geoje, 2 Mei 1984

Gyu-seok,

Simu zimefika. Pan-su amerudi na habari: "Wameleta spika, mama Bok-hui, kubwa kama chungu cha kabichi ya kimchi! Moja iko juu kwenye sitaha, ndogo yake inashushwa tangini kwa kamba. Mzee Chu alikohoa ndani, tukadhani boila imepasuka."

Nikamuuliza, na ya shingoni je? Akaniuliza, ya shingoni ipi?

Nilikaa jikoni nikasoma tena barua yako. Uliandika kwamba kwa matangi inafaa ya tatu tu. Uliandika nilale usingizi, na mimi, mjinga, nikalala. Sasa nimeamka na hofu yangu iko palepale, ila imenenepa.

Sitaki maelezo ya mitambo. Nataka kujua kitu kimoja. Siku ile ya Alhamisi, ndani ya chumba kile, wewe ulisema nini?

Deok-ja


Seoul, 7 Mei 1984

Dada,

Nilisema "Ye."

Chumba chenyewe kina zulia mpaka kwenye kuta. Ukiangusha sindano unaweza kuisikia inajuta. Meneja Pyo alikaa upande huu wa meza, spika ikawa upande ule, akasema, "Moja, mbili, tatu." Kisha akatugeukia: "Inasikika vizuri, au siyo?" Wakubwa wote wakasema, "Ye." Akanitazama. Na mimi nikasema, "Ye." Nilimaanisha, nimekusikia mzee. Ile ya heshima, ile tunayomwambia baba hata anapokosea. Niliamini akimaliza nitapata nafasi ya kusema yangu. Akafunga faili, akasema vizuri, wote tumekubaliana, akatoka.

Nilibaki na karatasi yangu mkononi. Niliona aibu kumkimbilia kwenye ngazi.

Naogopa na mimi, dada, sikufichi. Nimeomba kuja huko tarehe 24. Nitaingia tangini pamoja na shemeji, nisikilize kwa masikio yangu, kisha nirudi na ripoti ambayo hata chumba chenye zulia hakitaweza kuinyamazisha. Nipikie supu ya chaza.

Gyu-seok


Geoje, 30 Mei 1984

Gyu-seok,

Uliondoka bila kula. Niliazima bakuli zuri kwa mama Jong-gil, nikapika, nikangoja. Pan-su akarudi peke yake, nguo zimelowa mpaka kola. "Tuliteleza gatini, mimi na shemeji," akasema. "Tukaanguka baharini kama walevi." Na mwenzako yuko wapi? "Amewahi basi."

Namjua mume wangu. Akijikwaa kizingitini anasimulia wiki nzima, na kila siku anakuwa ameanguka vizuri zaidi. Hili la gatini halisimulii.

Tangu siku hiyo hataki mlango ufungwe. Chumbani, chooni, kokote, lazima uwe wazi. Juzi Bok-hui alijifungia kabatini kwenye matandiko, anacheza tu. Baba yake aliuvuta mlango mpaka ukang'oka, kisha akakaa chini akishika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili. Na nikimwita, "Baba Bok-hui, chakula tayari," hasemi tena "Ye." Anasema, "Nimekusikia, nakuja." Nani anaongea hivyo nyumbani kwake?

Mficha maradhi, kilio humfichua. Zamani nilikijua ninachokiogopa, nikaweza kukigombeza. Sasa kimeingia ndani ya nyumba na sikijui sura. Mnanificha nini ninyi wawili?

Deok-ja


Geoje, kiwandani, 3 Juni 1984

Shemeji,

Naandikia juu ya pipa la rangi, usiucheke mwandiko. Shule niliiacha mapema na kalamu nikaiacha hukohuko.

Dada yako amekuandikia, nimeona wino vidoleni mwake. Usimwambie. Akijua tulifungiwa tangini atakuja kusimama getini na mwiko, na mimi sitaweza kupita mbele ya vijana.

La pili. Msimamizi Ma alitaka kujua nani alijibu "Ye" mle ndani. Nimesema ni mimi. Usibishe. Mimi wamenipa onyo, na onyo siyo chuma, halimwangukii mtu mguuni. Wewe wangekufukuza, na ukifukuzwa nani atabaki huko kutusemea? Ila usifikiri nimesahau. Wewe, mwenye vitabu vya simu! Siku nikilewa vya kutosha nitakucheka mpaka ulie.

La tatu sijui niliandikeje. Meli inayofuata inajazwa maji mwezi wa nane, na kisanduku ni kilekile. Nitaingia, kwa sababu ndiyo kazi niliyo nayo. Lakini jana nilifika kwenye mlango wa tangi, miguu ikakataa. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu, vijana wakanipita. Viatu vyangu havina kamba, shemeji.

Ukimaliza kusoma ichome.

Ok Pan-su


Seoul, 12 Juni 1984

Dada,

Shemeji ameniomba nisikwambie. Nakwambia. Hatukuanguka gatini.

Tuliingia tangini asubuhi, mimi na yeye tu. Aliyekuwa juu mlangoni alijua tumo. Akaitwa ghalani, akaja mwingine asiyejua. Sisi tulikuwa tumevuka kwenye chumba cha pili cha tangi, kisanduku cha spika kinaning'inia katika chumba cha kwanza. Kikakoroma. Nilisikia kwamba ni mtu anasema, lakini neno sikulipata hata moja. Na mimi niliyekuandikia habari za mikia ya maneno, mimi huyuhuyu, nikapaza sauti: "Ye?"

Sikufikiri. Lilinitoka lenyewe, kama linavyotutoka sote tangu utotoni mtu mkubwa anapotuita.

Tukaona kisanduku kinapanda juu kwa kamba yake. Nilidhani wanakwenda kukirekebisha, hata nikacheka, nikamwambia shemeji, "Unaona, na wenyewe wamesikia kilivyo kibovu." Kisha taa ikavutwa. Kisha tukasikia boliti.

Shemeji alipapasa ngazi gizani, akapanda, akaanza kupiga kifuniko kwa nyundo. Nikapiga na mimi kwa spana mpaka mkono ukafa ganzi. Lakini nani atasikia nyundo mahali ambapo kila mtu anapiga nyundo? Maji yaliingia kwa chini, baridi, taratibu. Tulikuwa tunapanda kidato, yanatufuata. Yalipotufika kifuani hapakuwa na kidato kingine. Niliita mama, dada. Mama aliyekufa tukiwa wadogo, ndiye niliyemwita. Shemeji alikuwa analia na kutukana, anamtukana aliyeichora meli, aliyeinunua, na samaki wote watakaopita chini yake, huku anapiga kifuniko kwa hasira tu. Matumaini hatukuwa nayo. Hapo king'ora cha chakula kikalia, mashine za kiwanda kizima zikanyamaza, na nyundo yake ikabaki peke yake. Fundi rangi mmoja aliyekuwa ameketi juu na chakula chake akaisikia.

Nilipanda basi nikiwa nimelowa kwa sababu sikuweza kukutazama usoni. Na walipouliza nani alijibu "Ye", shemeji alisema ni yeye.

Jana Meneja Pyo aliitisha kikao. Ripoti ya huko ilisema mfanyakazi mmoja alijibu kwa uzembe. Meneja akasema, "Basi kosa ni la mtu, simu haina kosa. Tumeelewana?" Wakubwa wakasema, "Ye." Nikasimama. Nikasema, "Hapana. Mfanyakazi huyo ni mimi." Meneja alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kinaongea. Sikuketi. Nikawaeleza habari za maji, kidato kwa kidato, na chai ikapoa mbele ya kila mtu.

Ameagiza simu za kooni kwa matangi yote. Kuhusu kazi yangu hajasema kitu, na sijauliza. Lakini zitafika mwezi wa kumi, na meli ya shemeji inajazwa mwezi wa nane. Nimeomba siku hiyo niwe mimi mtu wa mlangoni, kisha nirudi Seoul kwa basi la jioni. Zaidi ya hapo hawakunipa ruhusa. Sitauliza "Wote wametoka?" Nitangoja saa ya chakula, mashine zikiwa kimya, hata vijana wanitukane kwa njaa. Nitaita jina la kila aliyeingia, na kila aliyetoka atasogea kwenye spika ya juu ataje jina lake mwenyewe. Jina lisipoitikiwa, boliti hazikazwi.

Ni hilo tu nililo nalo. Usimwambie shemeji kwamba unajua.

Gyu-seok


Geoje, 9 Agosti 1984

Gyu-seok,

Jana wewe ulikuwa kule chini kwenye meli, hujui huku juu mlimani ilikuwaje, na ulikimbilia basi kabla sijakushika mkono. Kwa hiyo nakuandikia.

Asubuhi Pan-su alikaa kizingitini akivaa viatu, akavivaa muda mrefu kuliko viatu vinavyotaka. Nilikuwa nyuma yake na sahani mkononi. Ningeweza kumwambia asiende. Niliogopa kwamba angenisikiliza, halafu akaishi na hilo. Nikamfungia chakula, akaenda.

Wanawake wenzangu niliwaambia, si yote, ya kutosha tu. Karibu na saa sita tulizima redio, mama Jong-gil akafunga duka, tukaenda kusimama kwenye ukingo wa mashamba ya vitunguu saumu, kiwanda chote kikiwa chini yetu. Mume wake, Tak, ameingia kwenye kundi la Pan-su tangu mwezi wa sita. Mama huyo asubuhi yote alikuwa anatutania. "Tazama tulivyojipanga, utadhani tunangoja bwana harusi!" King'ora kikalia. Mashine zikanyamaza, moja, nyingine, nyingine. Kisha spika yenu ikakohoa.

Nimeilaani spika hiyo tangu iletwe. Jana ilinifaa, kwa sababu ilifika mpaka kwetu. Nilikusikia ukiita na wao wakijibu. Mzee Chu. Seol Ki-bong. Kisha, "Ok Pan-su!" na sauti yake mwenyewe ikarudia, imekwaruzika, lakini ni yake. Nilikaa chini palepale kwenye udongo nikaanza kucheka, siwezi kujizuia.

Ukaita Tak Sang-ho. Kimya.

Ukaita tena. Gyu-seok, nilikuwa bado nacheka. Mbingu zinisamehe, furaha yangu ilikuwa haijaniachia. Nilipoinua macho nikaona uso wa mama Jong-gil, na kicheko kikakatika. Ukaita mara ya tatu, na safari hiyo sauti yako ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa, sote tulijua. Akajibu mama Jong-gil, kwa sauti ndogo, kama vile ungeweza kumsikia huko chini: "Ye? Ye?"

Tukaona watu wanakimbia sitahani. Mengine unayajua: Tak alikuwa amezirai kwenye kona ya tangi kwa hewa mbaya, asingeweza kusema ndiyo wala umesemaje. Ungewauliza kama wote wametoka, kuna mtu angekuitikia, na wangemfunga humo. Nani aliyeingia kumtoa unamjua pia, ni shemeji yako. Pan-su aliniambia jioni huku anavua viatu, kwa maneno machache, bila utani wowote. Kisha akaniambia na ya mwezi wa tano. Nikamwacha anisimulie yote kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza, na sikuwa na haja ya kuigiza hofu.

Usinitumie salamu za pongezi. Kesho anaingia tena, na mwezi wa kumi uko mbali.

Tak yuko zahanati, amezinduka, anaomba pombe yake ya soju. Mama Jong-gil ametoka kumwona, na badala ya kwenda kufungua duka amekuja kukaa jikoni kwangu. Amechukua kisu, anamenya vitunguu saumu ambavyo sikumwomba amenye. Hapigi umbea, hanitanii. Kila baada ya muda anasema, "Tak Sang-ho," kisha anatulia, kisu hewani. Namjibu, "Yupo." Ndipo anaendelea kumenya.

Dada yako,
Deok-ja